Bomba Lililomuuma Bi Mkubwa

Majirani zangu, nipeni masikio yenu kidogo. Mimi ni fundi wa bomba na umeme hapa mtaani, mnanijua. Kisa hiki nusu nilikiona kwa macho yangu, nusu nilisimuliwa na wenyewe machozi yalipokauka.

Ilikuwa nyumba tulivu. Asubuhi mama wa mwenye nyumba, tuliyemwita Bi Mkubwa, alikaa kibarazani peku, miguu ameinyoosha kwenye saruji ya baridi. Viatu alikuwa havitaki kabisa, alisema vinambana hata vikiwa vipana. Mkwewe, mke wa mwanawe, alifua nguo uani, wakitaniana kama shoga wawili. Chumba cha uani alipanga kinyozi, mtu wa maneno machache, aliyemjazia Bi Mkubwa ndoo bila kuombwa.

Mwana wa Bi Mkubwa, mwenye nyumba, alikuwa karani wa ghala. Kazini alizoea kupekua mifuko ya kila anayetoka, na tabia ile akarudi nayo nyumbani. Tulimbandika jina la Kufuli. Alicheka tu, akaliona ni sifa.

Jumamosi moja alikuwa amejipumzisha sebuleni, akasikia pampu ya maji inanguruma. Pampu ile hujiwasha bomba likifunguliwa, na kujizima likifungwa. Akaenda jikoni: bomba kavu. Bafuni: kavu. Akarudi, hajakaa vizuri, ikanguruma tena.

"Nani anachota maji?" akauliza.

"Hakuna mtu," mkewe akajibu.

Kufuli akatazama mlango wa kinyozi. Kuanzia siku hiyo akawa anachungulia kwa pazia, anagusa ndoo za mpangaji kuona kama zimelowa. Kinyozi akaona, akamfuata mwenyewe.

"Kaka, kama kuna jambo niambie. Tufunge mabomba yote, langu nifunge mbele yako, kisha tukae tusikilize. Pampu ikiwaka, maji yanavuja mahali."

"Aa! Unajitia kunisaidia ili nisikushuku, siyo? Wewe una bomba lako la siri. Hama."

Kinyozi aliingia chumbani kwake. Alikunja godoro lake, akamuaga Bi Mkubwa, akaondoka. Na pampu je? Iliendelea kunguruma vilevile, chumba cha uani kikiwa kitupu. Mngedhani Kufuli angejiuliza. Wapi! Alisema kinyozi amewaachia majirani njia ya kuiba.

Mkewe ndiye aliyeniita. Nilipofika langoni, Kufuli alinifungulia mkoba, akakagua vifaa vyangu kimoja kimoja. Nikavikusanya, nikaingia. Ukuta kati ya jiko na bafu ulikuwa umevimba, rangi inabanduka, ukiugusa unaacha unyevu mkononi.

"Bomba la ndani limepasuka," nikamwambia. "Na waya wa hita ya maji unapita humo humo. Tubomoe kidogo hapa nitengeneze vyote viwili."

"Umeona ndani ya ukuta kwa macho gani? Nyinyi mnaziba hapa, mnatoboa pale, ili mrudi kesho. Nawajua."

Ndugu zangu, sitaficha: mafundi wa namna hiyo wapo, na wametuchafulia jina. Lakini na mimi nilikosea. Niliona uchungu, nikafunga mkoba nikaondoka, bila kumwambia wazi kwamba maji na umeme vikikutana, mtu anaweza kufa. Mpaka leo najilaumu kwa jambo hilo.

Siku chache baadaye, swichi ya usalama ikaanza kukatika. Kila wakiipandisha, inaanguka. Swichi ile ilikuwa inafanya kazi yake: imeona umeme unapotelea ukutani, inaukata. Kufuli akaona vingine.

"Fundi ameichezea hii ili nimbembeleze."

Akaitoa. Akaunganisha waya moja kwa moja, taa zikawaka, akafurahi kama aliyeshinda kesi. Kisha, ili asije mtu mwingine kuchezea, akalitia sanduku la swichi kufuli, swichi kuu ikiwa humo humo. Ufunguo akauweka mfukoni.

Hapo ndipo bomba lilipoanza kuuma. Bi Mkubwa aligusa bomba la bafuni, akaruka.

"Mwanangu, bomba hili linauma! Kama siafu wananipanda mkononi."

Kufuli akaligusa. Kimya. Mkewe akaligusa. Kimya. Hakuna aliyetazama miguu. Wao walivaa ndala za mpira, mama alisimama peku kwenye sakafu iliyolowa.

Kufuli akamvuta mkewe pembeni. "Wewe ndiye unamtia mama hofu. Unataka ahame, si ndiyo?"

Mkewe alilia siku ile. Naye Bi Mkubwa, aliposema tena kwamba bomba linauma, mwanawe akamtazama kwa jicho la pembeni, akaguna: "Mama, kama hutaki kukaa na mke wangu, sema." Mama akatafuta kitambaa kikavu. Akawa anafungulia maji kwacho, wala halalamiki tena.

Jumanne mchana kitambaa kilikuwa kimelowa. Mkwewe alisikia ndoo inaanguka, kisha sauti isiyo ya mtu anayeita. Akakimbilia bafuni: mkono wa mama umegandana na bomba, mwili wote unatetemeka. Akakimbilia sanduku la swichi: kufuli. Ufunguo uko ghalani, mfukoni mwa mumewe. Alirudi na ufagio wenye mpini mkavu wa mti, ndala miguuni, hakumgusa mama kwa mkono. Akaupiga ule mkono mara moja, mara mbili. Ukabanduka.

Bi Mkubwa alinusurika. Lakini kiganja kiliungua, na vidole vitatu havikunjiki tena.

Niliitwa kubomoa ule ukuta. Bomba la chuma lilikuwa na ufa mdogo tu, na waya kando yake umeliwa mpaka shaba, umeme ukapitia chuma hadi bafuni. Kufuli alisimama akitazama, hakunikagua mkoba. Akaenda kwa kinyozi kuomba radhi.

"Nimekusamehe," kinyozi akamjibu, wembe mkononi. "Kurudi kwako siwezi."

Jioni hiyo Kufuli alikwenda hospitali. Mama yake alikuwa ameketi kitandani, mkono umefungwa bandeji. Akamuuliza kwa upole tu:

"Mwanangu, niliposema bomba linauma, ulidhani nataka nini kwako?"

Kufuli alipiga magoti kando ya kitanda. Akainama, akauweka uso wake kwenye shuka, na mama akampapasa kichwa kwa ule mkono mzima.

FUNZO LA KISA HIKI

Wenzangu, dhana mbaya haizibi bomba. Pampu ikiwaka yenyewe, ukuta ukitoka jasho, swichi ikianguka kila mara, chunguzeni nyumba kabla ya kuchunguza watu. Swichi ya usalama msiiondoe, na sanduku lake msilifunge kwa ufunguo. Fundi mmoja hamumwamini? Iteni wa pili, wa tatu, lakini iteni. Na mtu wa nyumbani kwenu akisema kitu kinamuuma, mwaminini kwanza. Mkikuta ni uongo, hamjapoteza kitu.