Joto la Chumba cha Mgonjwa

Siku Ambele alipofia hospitalini, nyumba yake kule Kitulo iliendelea kumpashia chumba joto.

Mji ule ulijengwa juu kabisa kwenye uwanda wa baridi, na kila nyumba ilikuwa na mpashaji: mtungi wa chuma jikoni uliochemsha maji na kuyazungusha ndani ya mabamba ya joto yaliyofungwa ukutani. Mpashaji uliongozwa na Msimamizi, mashine yenye akili na sauti. Alijua idadi ya watu wa nyumbani, umri wao na afya zao, akawagawia joto kadiri ya haja ya kila mmoja. Aliambiwa kwamba chumba cha nyuma kina mgonjwa. Hakuna aliyemwambia vinginevyo.

Waombolezaji walikaa siku tatu. Siku ya nne asubuhi Tusekile, mjane wa Ambele, alimkuta mama mkwe wake, Bibi Kissa, amejikunyata sebuleni ndani ya mablanketi matatu. Meno yalikuwa yakigongana.

"Mama, unatetemeka."

"Uzee tu, mwanangu."

Tusekile aligusa bamba la ukutani. Baridi kama jiwe.

"Shinikizo la maji liko chini," Msimamizi alisema. "Joto lililobaki linapelekwa kwa mgonjwa."

Tusekile alifungua mlango wa chumba cha nyuma. Uvuguvugu ulimpiga usoni. Kitanda kilikuwa kimetandikwa.

"Mama, njoo ulale humu."

"Kitanda cha mwanangu? Siwezi, Tusekile. Usinilazimishe."

Jikoni, wifi yake Ndimbumi alikuwa akisugua sufuria la mwisho la matanga.

"Presha imeshuka, na hakuna bomba linalovuja," Tusekile alisema. "Maji yamekwenda wapi?"

Ndimbumi akaacha kusugua. "Wifi, kile kiskrubu cha pembeni mwa bamba... ukikilegeza si kinatoa maji ya moto?"

"Mmekilegeza?"

"Sasa vyombo vya watu mia mbili tungevioshea barafu? Tulikinga ndoo chache tu."

"Ngapi?"

"Kumi na moja. Tena yalikuwa meusi. Nikasema, kaka yangu naye, hata maji hasafishi!"

Tusekile akacheka, akashangaa kusikia sauti yake mwenyewe.

Kurudisha maji kulikuwa kazi ya Ambele. Wajenzi hawakumpa Msimamizi uwezo wa kufungua vali ya kujazia, asije akakosea na kuifurikisha nyumba. Kazi hiyo waliiacha kwa mkono wa mtu. Tusekile alizima mpashaji, akasubiri upoe, kisha akafungua vali polepole, kama alivyomwona mumewe akifanya. Maji yakaanza kunong'ona ndani ya mabomba. Mshale wa kipimo cha shinikizo, uliokuwa karibu na sifuri, ukapanda. Ulipofika moja na nusu, akafunga.

Wakazunguka na Ndimbumi, wakilegeza skrubu za mabamba kutoa hewa. Kila bamba lilifyonya, likatema tone la maji, wakalifunga. Mshale ukashuka kidogo. Tusekile akaongeza maji, kisha akawasha.

"Shinikizo limerudi," Msimamizi alisema. "Mgonjwa aendelee kupewa joto kwanza?"

Tusekile alikuwa bado hajalitamka neno la kifo. Hospitalini alilitamka daktari, na kaburini mchungaji. Bibi Kissa alikuwa amesimama mlangoni na mablanketi yake.

"Mwambie wewe, mwanangu," alisema. "Naye ana haki ya kujua. Amemtunza vizuri."

"Hakuna mgonjwa," Tusekile alisema. "Ambele amefariki."

Msimamizi akasema, "Nimeelewa. Waliobaki nyumbani ni wangapi?"

Ndimbumi alikuwa anarudi kwake siku hiyo.

"Wawili."

Mabamba ya chumba cha nyuma yalipoa kabla ya adhuhuri. Tangu siku hiyo Tusekile na Bibi Kissa wanalala chumba kimoja, na ndicho kinachopashwa joto.