Wa Mlangoni Hula Mwisho

Jua lilikuwa linazama nyuma ya farasi wa Khani, mtawala wa nyika, pale mkewe mpya, Mzia, alipotumwa kulisha sanamu.

Msishangae. Katika mahema ya nyika ile, hiyo ni kazi ya mke kila jioni kabla watu hawajala. Unachukua bakuli la mafuta ya kondoo, unawapaka midomo marehemu wa ukoo, walioshonwa kwa sufu na kuning'inizwa ukutani. Basi.

"Anza na wa juu, mkamwana," alisema Altani, mama yake Khani. "Wa mlangoni mwisho. Anayekula kwanza ndiye mwenye hema."

"Nimesikia, mama."

"Umesikia! Na dada yako alikuwa anasikia hivyo hivyo."

Akacheka, akaenda zake kukamua farasi.

Mzia akachukua bakuli. Dada yake, Rusudani, ndiye aliyeolewa hapa kwanza, ili wapanda farasi wa Khani wasishuke kulichoma bonde la baba yao mfalme. Homa ikamuua, walisema. Baba akamtoa Mzia ajaze pengo. Mzia akakubali kwa sharti moja: mdogo wao, Nino, asiletwe huku kamwe. Kesho yake asubuhi wajumbe wa baba, waliomsindikiza, wangerudi na neno la Mzia.

Angevumilia. Kwa ajili ya Nino, angelala hata zizini.

Ndani ya hema, moshi wa mavi makavu ulikwaruza koo. Akainua bakuli...

Akamwona wa mlangoni.

Mpya. Macho hana. Kichwani ameshonewa msuko wa nywele nyekundu, na kwenye msuko ushanga wa buluu. Mama yao aliwagawia shanga zile, kila binti ushanga mmoja.

"Rusu?"

Nje mbwa akabweka... akanyamaza ghafla.

Machozi yakamshuka. Akawasahau wa juu, akachovya kidole, akampaka dada yake mdomo.

"Kula, dada. Jamani, walikuwa wanakupa masazo tu?"

Sufu ilikuwa na joto.

Ikamnyonya kidole.

"Mzia..." Sauti kavu, kama majani yakisuguana. "Nimekaa peke yangu mno."

Kulipokucha, Mzia hakuona kitu. Giza tu, na harufu ya sufu puani. Akasikia wajumbe wakikohoa mlangoni.

"Bibie, tumwambie nini mzee?"

Akajibu mtu. Kwa sauti ya Mzia. Tamu, haina haraka.

"Mwambieni baba nimenenepa, sina neno. Ila nina upweke. Amlete Nino."

Mzia akapiga kelele.

Uzi ulioshona mdomo wake wa sufu haukulegea.

Kwato zikaenda... zikafifia. Jioni kikaja kidole chenye mafuta, kikampaka yeye baada ya wote. Akala. Njaa ilikuwa inamuuma.

"Si nilikwambia uanze na wa juu?" Altani alinong'ona.

Kando yake, akasikia mtu akifunga kamba nyingine ukutani, ya kuning'inizia sanamu ijayo.