Mlango wa Nyuma

"Mzee aliye nyuma hateremki?" aliuliza dereva wa gari la kuvuta, mnyororo mkononi.

Munif akaacha kukwangua theluji. "Mzee gani?"

"Huyo hapo..." Dereva akainama, akachungulia kioo, kisha akacheka kwa aibu. "Hamna kitu, kaka. Theluji inameremeta mpaka mtu anaona wafu."

Munif hakucheka. Alitia saini karatasi harakaharaka na gari likavutwa. Mama yake, Hajja Nazha, alisimama dirishani ameinua viganja anaomba dua. Gari la marehemu mumewe lilikuwa linakwenda sadaka kwa chama cha wasioona, chama kilekile kilichomfundisha mzee kusoma na kuandika kwa nukta za kupapasa baada ya kisukari kumla macho. Pale Dearborn, Marekani, msikiti mzima ulimsifu Munif. Mwana ndiye huyu, walisema.

"Lakini gari halina kasoro?" Hajja alikuwa amemuuliza asubuhi. "Usitoe sadaka kitu ambacho wewe mwenyewe usingekipokea ila kwa kufumba macho."

"Halina, Mama."

Kasoro ilikuwepo, na Munif aliijua. Tangu mzee afe, kila adhuhuri, ndani ya gari tupu lililofungwa bandani, kitu kilikuwa kikigonga taratibu. Tik. Tik. Tik. Akifungua mlango kinanyamaza, na harufu ya tumbaku ya shisha ya tufaha aliyokuwa akivuta baba yake inamjia puani, baridi kama imetoka kwenye jokofu. Basi akaona dawa ni kulitoa gari, na alilitoa kwa wasioona kwa sababu moja tu ya aibu: hao hawangechungulia ndani. Akili za mwenye hatia, jamani!

Maana ukweli ni huu. Adhuhuri ile ya Januari, akimrudisha baba yake kutoka hospitali, Munif alipita mkahawani. "Dakika tano, Baba." Alimwacha kiti cha nyuma, injini imezimwa, kufuli ya watoto, ile inayozuia mlango kufunguliwa kwa ndani, imefungwa, kwa kuwa mzee aliwahi kufungua mlango gari likikimbia. Ndani karata zilikuwa tamu. Dakika tano zikawa saa mbili. Aliporudi mzee alikuwa ameganda, ameshika ule msumari wake mdogo wenye kichwa cha mbao, wa kutobolea nukta. Munif aliuchomoa kwenye vidole vile vigumu, akautupa mtoni. Nyumbani akasema moyo ulisimama ghafla njiani.

"Alhamdulillahi," Hajja alilia. "Angalau hakuteseka." Neno hilo ndilo alilolishika kujiliwaza, na Munif akamwachia.

Gari lilipoondoka, nyumba ilitulia siku tatu. Munif akala, akalala. Siku ya nne, mchana, wakiwa wote wawili jikoni, simu ya Munif ikalia, na Hajja, ambaye mikono yake ilikuwa imejaa unga, akaibonyeza kwa kiwiko ili sauti isikike jikoni kote.

"Bwana Munif? Ni Loretta, wa chama. Mimi ndiye niliyemfundisha mzee wako." Sauti yake ilikuwa ya chini, kama ya mtu aliye karibu na mgonjwa. "Samahani, ndugu yangu. Nilitaka kulipapasa gari lake kabla halijauzwa, kwa kumkumbuka tu. Sasa, huu mlango wa nyuma, ngozi yake ya ndani imejaa maandishi. Mlijua?"

"Ni ukongwe tu, dada," alisema Munif.

"Macho yako ndiyo yanakuambia ukongwe. Vidole vyangu vinasoma."

"Soma, binti yangu," alisema Hajja.

"Yanasema, 'Munif anakuja sasa hivi.' Basi. Yanarudia hayo hayo, mama, kutoka juu mpaka chini, 'Munif anakuja sasa hivi, Munif anakuja sasa hivi,' na huku chini mkono unatetemeka, nukta zinapandana..." Loretta akavuta pumzi. "Na jambo lingine, naogopa hata kulisema. Juzi yaliishia mlangoni. Leo yamefika kiti cha dereva."

Na nyuma ya sauti yake, ndani ya ile simu iliyolala katikati ya unga, wote wawili wakasikia, taratibu, bila haraka, kama mtu mwenye subira ambaye ameambiwa asubiri na anaendelea kusubiri kwa kuwa aliyemwambia ni mwanawe wa kumzaa, tik, tik, tik.

Hajja alikaa kitako. "Anakuja wapi, Munif? Ulikuwa wapi wewe?"

Njia ya mwongo ni fupi, na ya Munif iliishia pale jikoni. Alisema yote: mkahawa, karata, kufuli. Hajja alinawa mikono, akavaa koti.

"Kila mtu huzaliwa na jini wake," alisema. "Mtu akifa, jini huenda zake. Wa baba yako umemfungia. Nipeleke."

Uani mwa chama, Loretta alikuwa amesimama mbali na gari, fimbo yake ameikumbatia kifuani. Munif alishika kitasa cha nyuma. Ngozi ya kiganja ikanata kwa baridi. Akafungua.

"Baba," alisema, na hapo akalia kwa sauti. "Nimekuja. Nimechelewa, nisamehe. Teremka."

Harufu ya tumbaku ilimpita usoni. Gari likainuka juu ya springi zake, kama linavyoinuka mtu mzito akishuka. Hajja akatoa kiwiko chake, vile alivyokitoa kwa miaka tisa kumwongoza mumewe, na mkono wa koti ukabonyea mahali pa vidole vinne.

"Polepole," alinong'ona. "Hapo kuna barafu. Vuka... ehe."

Munif akakimbia mbele, akawafungulia mlango wa gari lake.

Hajja alilipita bila kumtazama.

"Sisi tutapanda teksi," alisema.