Chakula Kiko Handakini

Kila alasiri Marlys aliwapikia wavunaji. Mumewe, Duane, alikuwa shambani na vijana wake wa kazi, kila mmoja juu ya kombaini, ile mashine kubwa ya kuvunia. Ngano iliyoiva haimsubiri mtu, na chakula chao hakikuwahi kuchelewa.

Familia hii iliishi katika nyumba ya magurudumu. Kila kiangazi waliivuta kwa pikapu kutoka Texas hadi karibu na Kanada, wakivuna mashamba ya watu. Sasa walikuwa Kansas. Baba mkwe wa Marlys, mzee Orval, hakuendesha tena kwa sababu ya goti. Alikaa chini ya turubai la kivuli mlangoni, akikosoa mawingu.

Orval alikuwa na desturi yake. Popote walipofika, kombaini ya akiba iliegeshwa ubavuni mwa nyumba, upande unakotoka upepo. Kisha nyumba ilifungwa kwa minyororo kwenye pikapu.

"Chuma kizito hicho," alisema. "Upepo ukija utavunjika meno."

Twyla, mwenye shamba walilokuwa wakivuna, alikuwa pia mtazamaji wa dhoruba wa kujitolea, wa kuchunguza anga na kutoa taarifa. Alimsikiliza bila kucheka. Alikubali kwamba minyororo husaidia upepo wa kawaida. Lakini nyumba ya magurudumu ni nyepesi, na ubavu wake ni mpana. Dhoruba kali huibiringisha, na hata kombaini huweza kuanguka. Hakuna mnyororo unaoigeuza kuwa kimbilio. Kimbilio ni handaki lake, chumba cha chini ya ardhi nyuma ya ghala.

Akawafundisha maneno mawili ya redioni. Angalizo maana yake dhoruba inaweza kutokea. Onyo maana yake imeshafika au iko karibu. Anayeishi juu ya magurudumu aondoke mara tu angalizo linapotolewa.

"Na pasipo na handaki?" Marlys aliuliza.

"Jengo imara. Chumba cha ndani cha chini, mbali na madirisha. Usijifiche garini wala chini ya daraja."

"Nilianza kuvuna hujazaliwa, Twyla," Orval alisema.

"Na goti lako limevuna miaka hiyo yote, mzee wangu. Ndiyo maana hutasubiri king'ora cha onyo."

Aliwaomba wajaribu njia ya handakini siku ileile. Orval alienda akinung'unika, akarudi akinung'unika. Kahawa aliyoiacha mezani ilikuwa imepoa kabisa. Marlys alikitazama kile kikombe, akajua mwendo wa mzee ulichukua muda gani. Hakukisahau.

Siku chache baadaye, nyama na viazi vikiwa jikoni, redio ilitoa angalizo. Anga lilikuwa bado jeupe. Marlys aliitazama sufuria, akamtazama mzee. Alizima jiko, akafunga mtungi wa gesi, akakunja turubai, akaingiza viti ndani, isipokuwa alichokalia Orval. Kisha akamwita Duane kwa redio ya kazini.

Duane alisema haoni hata wingu. Imebaki sehemu ndogo tu, wamalize kwanza.

"Chakula kiko handakini," Marlys alimjibu kwa upole. "Mwenye njaa aje."

Aliipakia sufuria kwenye toroli. Orval hakuinuka kitini.

"Nyumba hii nimeilinda miaka mingi, binti yangu."

"Nyumba tutanunua nyingine, Baba. Wewe huuzwi dukani."

Mzee akanyoosha mkono ashikwe. Walitembea polepole, na muda ulitosha, kwa kuwa walianza mapema. Wavunaji walifika nyuma yao wakifuata harufu ya nyama, wakimtania Duane kwamba bosi wa kweli amejulikana. Walikuwa bado wanakula king'ora kilipolia. Twyla, aliyekuwa amewatangulia, alikomea mlango. Juu yao upepo ulinguruma kama treni.

Walipotoka, nyumba ilikuwa imelala kichwa chini, kuta zimepasuka. Kombaini ya akiba ilikuwa imeangukia pale mlangoni, mahali pa kiti cha Orval. Mzee alisimama akapatazama. Kisha akavua kofia mbele ya mkwewe.

Kituo kilichofuata, Nebraska, walifika na nyumba ya kuazima. Mwenye shamba wa huko aliuliza kombaini ya akiba, iliyokwisha kutengenezwa, iegeshwe wapi.

"Popote, lakini mbali na nyumba," Orval alisema. "Kwanza nionyeshe handaki lako."

Akamkabidhi Marlys kikombe chake cha kahawa, kingali kinafuka mvuke.

"Nishikie, mwanangu. Nikirudi tuone kama imepoa."