Picha ya Sitini na Mbili

Mpiga picha alikuwa amelala chini ya taa yake mwenyewe, shavu moja sakafuni, jicho moja wazi. Manukato ya chupa iliyopasuka yalikuwa yamemlowesha mgongo mzima. Chumba kilinukia maua. Koplo aliyelinda mlango alisema hajawahi kukuta maiti inayonukia vizuri hivyo, kisha akauona uso wa Inspekta na kunyamaza.

Ilikuwa saa tano kasoro dakika kumi asubuhi.

Inspekta alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na mbili, mfupi, mwenye magoti mabovu na masikio mazuri. Maishani mwake alikuwa amepigwa picha moja tu kwa hiari, ya kitambulisho, na hata hiyo alitoka kama mtuhumiwa. Akachuchumaa kwa taabu kando ya maiti, akatazama juu.

Kwenye stendi kulikuwa na mkono wa chuma wenye urefu wa mita tatu. Mbele yake ilifungwa taa kubwa, nzito kama ndoo iliyojaa maji, ili imulike meza kutokea juu. Nyuma yake ulipaswa kuning'inia mfuko wa mchanga wa kuusawazisha. Sasa mkono ulikuwa umepinduka, taa iko sakafuni na nywele zimeganda kwenye kona yake. Mfuko wa mchanga ulikuwa chini kando ya ukuta, hatua mbili kutoka kwenye stendi.

"Mfuko umedondoka, afande," alisema fundi taa.

Alikuwa mwanamume wa miaka arobaini, mwembamba, mwenye mikono mirefu. Alisimama wima, kama mtu anayengoja kupewa kazi nyingine. Alikuwa amemfanyia kazi marehemu kwa miaka kumi na minne.

"Ulikuwa wapi ulipodondoka?"

"Kushoto kwa meza. Nimeshika ubao mweupe."

"Wa kazi gani?"

"Wa kurudisha mwanga. Chupa ya kioo ikikosa mwanga upande mmoja, inakufa." Akasita. "Samahani. Ndivyo tunavyosema sisi."

"Uliushika tangu saa ngapi?"

"Tangu picha ya kwanza. Sikuondoka pale hata mara moja."

"Na taa ilipoanguka?"

"Nikatoka mbio kuita watu."

Inspekta aliuendea mfuko. Ulikuwa na kulabu ya chuma yenye kifungo cha kuzungusha. Hakuigusa. Alimwita Koplo kwa kidole.

"Unaona nini?"

"Kulabu, afande. Imefungwa."

"Ushawahi kuona kitu kikidondoka, halafu kikajifunga vishikizo chenyewe?"

Koplo alitikisa kichwa. Akatoa utepe, akazungushia mfuko pia.

Daktari wa polisi alimaliza kazi yake akavua glavu. "Fuvu limepasuka nyuma. Lakini hakufa papo hapo." Alimwonyesha kucha za marehemu, zilizojaa rangi nyeupe ya sakafu. "Alikwaruza. Dakika nne, labda tano. Na akili alikuwa nayo."

"Angeweza kusema?"

"Kusema, kusikia, kulia. Kuinuka tu ndiko alikoshindwa."

Meneja wa matangazo wa kampuni ya manukato alikuwa kwenye chumba cha mapokezi, akijifuta jasho kwa tai yake. Alikuwa amekuja kusimamia kazi ya siku: asubuhi chupa peke yake, mchana mwanamitindo akiwa na chupa mkononi.

"Ulisikia nini?"

"Mpiga picha alipiga kelele. 'Ubao! Ubao uko wapi?' Mara nikasikia kishindo."

"Ukaingia?"

"Hapana. Pale huingii bila kuitwa. Nilidhani wanahamisha vyombo. Baadaye fundi akatoka, akasema kumetokea ajali, nipige simu polisi."

"Alitoka mbio?"

Meneja alifikiria. "Alikuja akitembea. Alikuwa anafuta mikono."

Simu yake ilionyesha kwamba aliwaita polisi saa nne na dakika ishirini na mbili. Inspekta aliandika, akapiga mstari chini.

Akarudi studio. Juu ya kabati kulikuwa na karatasi ya mpango, jinsi wapiga picha wanavyochora kabla ya kazi: meza ni mraba, kamera ni pembetatu, taa ni miduara yenye mishale. Ukurasa wa kwanza ulikuwa wa chupa. Ukurasa wa pili ulikuwa wa mwanamitindo: taa moja tu, kushoto, chini kidogo ya kidevu, kitambaa cheusi nyuma. Chini yake mpiga picha alikuwa ameandika kwa mwandiko wa haraka:

*Machozi. Simu saa nane na nusu. Mama yake amefariki. Mdogo wangu apige simu. Mimi nipige picha mfululizo, asiambiwe ukweli mpaka nitakapomaliza.*

Inspekta aliisoma mara mbili. Kisha akauliza: "Mdogo wake ni nani?"

Alikuwa mpambaji, dada wa mpiga picha wa tumbo moja. Hakuwepo asubuhi, kwa sababu chupa haihitaji poda. Alikuwa amefika na sanduku lake la vipodozi na kukuta utepe mlangoni. Walimketisha kwenye kiti chake mwenyewe, mbele ya kioo chenye taa pande zote. Macho yalikuwa yamemvimba.

"Pole kwa msiba," Inspekta alisema. "Mama yake mwanamitindo ni mgonjwa?"

"Sijui. Kwa nini?"

Inspekta aliweka karatasi mbele yake. Mpambaji aliitazama, akaigeuza kifudifudi kama kitu cha aibu.

"Kaka alitaka machozi ya kweli," alisema. "Alisema ya dawa yanaonekana ni ya dawa."

"Na wewe ungepiga simu hiyo?"

"Ni dakika kumi tu, afande. Baadaye anaambiwa ni uongo, anapewa maji, mnacheka."

"Mlishawahi kufanya hivyo?"

Mpambaji alifungua sanduku lake, akalifunga tena.

"Dada, nimekuuliza."

"Mara moja. Miaka miwili iliyopita. Ile picha ya kwenye ngazi."

Inspekta alikuwa ameipita akipanda: picha kubwa kama mlango, uso wa bibi kizee mdomo wazi, kila kunyanzi limejaa mwanga, chozi limesimama kwenye mfupa wa shavu. Chini yake kulikuwa na cheti cha tuzo.

"Nani yule mama?"

Mpambaji alianza kulia tena. "Mama yake fundi taa."

Inspekta alivuta kiti, akaketi.

"Aliambiwa nini?"

"Kwamba mwanawe amegongwa na lori. Fundi mwenyewe ndiye aliyepanga taa siku ile, halafu kaka akamtuma akanunue betri. Alikuwa anamheshimu sana kaka. Akamleta mama yake apigwe picha nzuri ya ukumbusho."

"Baadaye mkamwambia mama ukweli?"

"Tulitaka kumwambia." Alijifuta kwa kiganja. "Alianguka kabla hatujamaliza. Kiharusi. Siku ya tatu akafa. Fundi tulimwambia mama alimkumbuka marehemu mumewe, ndiyo maana akalia."

"Na wewe ulikuwa unafanya nini kaka yako akipiga picha?"

"Nilikuwa nashika kitambaa cheusi," mpambaji alisema kwa sauti ndogo. "Afande, nilikuwa nashika kitambaa tu."

Inspekta alimgeuzia kompyuta. Kamera iliunganishwa nayo kwa waya, na kila picha ilikuwa imeingia na saa yake. Za asubuhi ile zilikuwa sitini na mbili, zote za chupa, na kwa macho ya Inspekta zote zilikuwa sawa kama mapacha.

"Hizi zina tofauti gani?"

Mpambaji alizipitisha kwa kidole, taratibu. Kazi ilimtuliza. "Kioo ni kama maji, afande, kinarudisha kila kitu. Ule mstari mweupe ubavuni mwa chupa ni ubao. Mtu akiushika, mstari upo. Ona, ya kwanza upo. Ya thelathini upo. Ya sitini na moja upo." Akafika mwisho. "Hii haina mstari. Upande umekufa. Hapa ubao haukuwepo."

Ilipigwa saa nne na dakika kumi na nne.

Mpambaji alibaki ameinua kidole hewani. Alikuwa ameelewa kile alichokisema.

Saa nane mchana fundi taa aliketi kituoni, kwenye chumba chenye balbu moja. Aliitazama ile balbu, akakunja uso. Inspekta alimpa onyo, kwamba halazimiki kusema chochote na kwamba atakachosema kitaandikwa. Koplo alishika kalamu.

"Ulisema hukuondoka kushoto kwa meza."

"Ndiyo."

Inspekta aliziweka picha mbili mezani. "Hii ya sitini na moja. Hii ya sitini na mbili. Wewe ndiye fundi. Nifundishe."

Fundi aliinama. Hakuzitazama muda mrefu.

"Ningeweza kuifuta," alisema. "Sikuikumbuka kompyuta. Nilikuwa namtazama yeye."

"Mstari ulienda wapi?"

"Niliuweka ubao chini. Nikaenda nyuma ya stendi, nikafungua kulabu, nikaushika mkono wa chuma kwa nguvu zangu usianguke kabla ya wakati. Yeye akapiga picha, akaona upande umekufa, akaita 'Ubao!' Akainama mezani kuangalia chupa. Nikaachia."

"Kulabu ukaifunga."

"Mazoea. Yeye ndiye aliyenifundisha: kulabu haiachwi wazi, inararua vitambaa."

Kalamu ya Koplo ilikwaruza karatasi.

"Ulijua lini kuhusu mama?"

"Leo asubuhi. Nilikuwa nyuma ya pazia jeusi naunganisha waya. Yule meneja alisema anaogopa msichana hataweza kulia. Bosi akacheka. Akamwambia, 'Niachie mimi. Ile picha ya ngazini unaijua? Nilimwambia yule bibi mwanawe amesagwa na lori. Dakika mbili, picha arobaini, tuzo.' Na meneja akacheka pia."

"Halafu?"

"Akaniita tuanze kazi."

"Ukashika ubao picha sitini na moja. Mkono haukutetemeka, mstari umenyooka zote."

"Mtu akishika ubao ana nafasi ya kufikiri."

Inspekta aliegemea mbele. "Kishindo kilikuwa saa nne na robo. Simu ilipigwa saa nne na dakika ishirini na mbili. Dakika saba ulikuwa unafanya nini?"

Kwa mara ya kwanza fundi alionekana mzee.

"Afande, siku ile nilifika hospitali nikiwa bado na betri mfukoni. Nikaingia wodini. Mama akafungua macho, akaniona. Akapiga ukelele, afande. Akajivuta mpaka ukutani kwa ule upande mmoja uliobaki mzima. Kila nikimsogelea, anapiga ukelele. Wauguzi wakanitoa. Siku tatu nimekaa nje ya mlango, nikiingia anatapatapa. Nilidhani mama amenichukia, nikawa natafuta kosa langu. Miaka miwili nimelitafuta. Leo nyuma ya pazia ndipo nilipojua. Alikuwa anaona mzimu. Mama yangu alikufa akinikimbia."

Koplo alikuwa ameacha kuandika. Inspekta alimgusa kiwiko, akaendelea.

"Dakika saba," Inspekta alirudia.

"Alikuwa hai. Aliniambia, 'Fundi, niitie daktari.' Nikachuchumaa. Nikamwambia, 'Bosi, sikutaka kukwambia wakati wa kazi. Wamepiga simu kutoka shuleni. Binti yako amegongwa na lori.'"

Huko nje mtu alikuwa anabishana na askari wa zamu kuhusu baiskeli iliyopotea.

Binti wa mpiga picha alikuwa na miaka tisa. Saa ile alikuwa darasani, mzima, na hakuna aliyekuwa amemwambia chochote.

"Akafanya nini?" Inspekta aliuliza.

"Alikwaruza sakafu. Alitaka kwenda kwake. Akaniuliza, 'Amekufa?' Nikasema, 'Amekufa.' Alimwita kwa jina mpaka sauti ikaisha."

"Ukamwacha hivyo."

"Nilimngoja amalize. Halafu nikanawa mikono."

Inspekta alimsogezea maelezo yake. Fundi alisoma kila ukurasa, akasahihisha neno moja pale Koplo alipoandika "bodi" badala ya "ubao", akatia sahihi.

Kwenye benchi la korido mpambaji alisimama alipomwona Inspekta akitoka. Alikuwa amekumbatia sanduku la vipodozi kama mtoto.

"Afande, niambie tu kwamba kaka hakuteseka. Nataka nikamwambie mwanawe hivyo."

Inspekta alimtazama. Kwa miaka thelathini ya kazi alikuwa amewapa ndugu wa marehemu uongo huo, na hakuwahi kuujutia. Safari hii aliutafuta mdomoni, hakuupata.

"Keti, dada," alisema. "Keti nikwambie alivyokufa."