Mgambo Aliyefutwa

Mzee Malale hakuwahi kuhesabu ng'ombe wake. Kuhesabu alijua vizuri, ila alilelewa na wazee walioamini kwamba kumwonyesha ng'ombe kidole huku ukisema moja, mbili, tatu ni kumtafutia mkosi. Kwa hiyo kila jioni, mifugo iliporudi kutoka malishoni, aliegemea nguzo ya lango la zizi na kuwatazama wakipita. Kama wote walikuwa sawa, hakusema neno. Kama mmoja amekosekana, au ng'ombe wa jirani amejichanganya humo, alisema neno moja tu: "Simama." Hapo Ngusa, mtoto wake mkubwa, alilizuia kundi na tatizo likatafutwa.

Binti yake Nyanzala, mwanafunzi wa darasa la saba, alipita langoni kila jioni na ndoo ya maji ya ndama. Alimwona baba yake ameegemea nguzo, kimya, na moyoni akasema hiyo ndiyo kazi nyepesi kuliko zote pale nyumbani. Ndoo yake ilikuwa nzito, na hakuna aliyempa nguzo ya kuegemea.

Waliishi nje kidogo ya mji wa Mpanda, ukishapita Kawajense. Mwaka huo mbung'o walikuwa wengi malishoni, na mifugo ikaanza kudhoofika. Aliyeumwa zaidi ni Asali, ndama mwekundu ambaye Nyanzala alimnywesha maziwa kwa chupa wiki nzima alipozaliwa, mpaka baba yake akasema, "Basi huyu ni wako." Sasa Asali hakukimbia tena. Manyoya yalimsimama, macho yalitoka machozi, na mbavu zilionekana.

Afisa mifugo wa kata, mama mmoja mnene mwenye sauti ya upole aitwaye Bernadetha, alikuja kumtazama. Watu wote walimwita Daktari.

"Ni nagana, ule ugonjwa wa mbung'o," alisema. "Jumamosi tuwachome sindano wote. Lakini dawa hii inapimwa kwa uzito wa kila ng'ombe. Ikipungua, haiponyi. Ikizidi kwa ndama mdogo kama huyu, inaua. Nataka nikija nikute uzito na kipimo cha kila mmoja kimeandikwa."

Akawaachia tepe ya kuzungusha kifuani mwa ng'ombe, ambayo badala ya sentimita inakuonyesha kilo.

"Hiyo kazi niachie mimi, baba," Nyanzala aliruka. "Tutaifanya kwenye kompyuta ya shule."

Mzee Malale alimtazama. "Hiyo kompyuta itahesabu ng'ombe wangu?"

"Haitahesabu kwa sauti, baba. Itaandika majina tu."

Mzee alifikiri kidogo, akaona mkosi hauwezi kupita hapo, akakubali. Kesho yake walimpima kila mmoja kwa tepe na kuandika kilo daftarini, na mzee alishamwambia kila jirani kwamba ng'ombe wake watatibiwa kwa kompyuta.

Shuleni kulikuwa na klabu ya kompyuta, kila Jumanne na Ijumaa, chini ya Mwalimu Thadei. Mwalimu aliwafundisha lugha ya kompyuta inayofanya kazi kwa safu. Lugha hiyo haikupenda kuambiwa jambo moja moja. Unaipa safu nzima ya uzito, unaandika kwamba igawanywe kwa ishirini, na namba zote zinagawanyika kwa mkupuo mmoja. Kwa kuwa dawa ilikuwa mililita moja kwa kila kilo ishirini, kazi yote ya Nyanzala ilikaa katika mstari mmoja mfupi.

Ila Mwalimu Thadei hakuridhika na mstari mmoja.

"Kompyuta ni mtiifu kupita kiasi," alisema. "Ukiipa upuuzi, itaugawanya kwa ishirini na kukurudishia upuuzi. Kwa hiyo weka kauli za kuhakiki. Andika jambo ambalo lazima liwe kweli, utangulize alama ya mshangao. Likiwa kweli, kompyuta itanyamaza na kuendelea. Likiwa uongo, itagoma hapo hapo."

Wanafunzi waliziita kauli hizo mgambo, kwa sababu kama mgambo wa sokoni, zilikuachia upite bila salamu mpaka siku umekosea.

Mgambo wa kwanza wa Nyanzala alisema kwamba majina na uzito lazima vilingane idadi. Kwa wa pili alikosa la kuandika, akaenda kumwuliza baba yake ni jambo gani haliwezi kutokea zizini kwake hata siku moja. Mzee Malale alicheka.

"Ndama anayenyonya hawezi kuwa mzito kuliko mama yake," alijibu.

Nyanzala aliliandika hilo. Akaonyesha kila ndama mama yake ni nani, akaweka alama ya mshangao mbele, na maneno ya kutokea iwapo kuna kosa: "Ndama amemzidi mama yake!" Alipoendesha programu, mgambo wote wawili walikaa kimya na vipimo vikatoka vizuri.

Lingeishia hapo, tusingekuwa na hadithi. Ijumaa jioni, zikiwa zimebaki dakika chache chumba kifungwe, Nyanzala aliona orodha yake haipendezi. Majina yalifuata jinsi ng'ombe wanavyoingia zizini: Tingatinga, yule maksai mkubwa wa kulimia, alikuwa wa kwanza, na Kibatari na Asali, ndama wawili, wa mwisho kabisa. Akaona ni bora yapangwe kwa alfabeti, Daktari ayapate haraka. Akaandika amri ya kupanga majina. Asali akapanda juu kabisa, Tingatinga akashuka karibu na mwisho. Akaendesha.

"Ndama amemzidi mama yake!" kompyuta ilisema, na ikagoma.

Nyanzala alitazama safu ya uzito. Ilikuwa ile ile. Akaendesha tena, ikagoma tena.

"Nyanzala, twende bwana!" aliita rafiki yake Jeniffer kutoka mlangoni. "Mwalimu anafunga."

"Subiri kidogo. Hii mgambo imeharibika. Namba sijazigusa hata moja, halafu inagoma!"

"Si uitoe tu? Jumanne ilikuwa inafanya kazi, nani atajua?"

Nyanzala aliweka kidole kwenye kitufe cha kufutia, akasita kidogo, kisha akaufuta mstari ule. Programu ikakimbia bila kelele, na orodha ikajipanga kwa alfabeti, safi kabisa. Akaiandika haraka kwenye karatasi, akazima kompyuta, akatoka. Njia nzima kuelekea nyumbani hakujisikia vizuri, lakini hakutaka kujua kwa nini.

Jumamosi asubuhi majirani walishajaa. Mzee Malale alikuwa amevaa koti. Hata Mwalimu Thadei alikuja kwa pikipiki, ile kompyuta ya klabu ikiwa mgongoni ndani ya begi, kwa sababu alitaka kuona kazi ya klabu ikitumika. Ngusa na vijana wenzake walishasimamisha njia nyembamba ya magogo inayomtosha ng'ombe mmoja mmoja. Daktari Bernadetha alichanganya dawa yake, akasimama na bomba la sindano.

"Haya, msomi wetu," alisema. "Wewe nisomee jina na kipimo. Mimi nachoma."

Tingatinga aliingia wa kwanza, kama kawaida yake, na magogo yakalia. Nyanzala alitafuta jina lake kwenye karatasi. Mbele yake palikuwa pameandikwa: nne.

Mililita nne, kwa maksai yule! Nyanzala alijua uzito wa Tingatinga kwa kichwa, kwa sababu baba yake aliusema mara kumi siku walipompima: kilo mia tatu na sitini. Alikumbuka pia kompyuta ilivyogoma, na kidole chake kwenye kile kitufe. Watu wote walimtazama.

"Kumi na nane," alisema, akisoma namba ambayo haikuwepo.

Daktari akavuta dawa, akachoma. Mzee Malale akawaitikia majirani kwa kichwa, kama kuwaambia mmeona. Nyanzala aliendelea kutazama chini. Alijiambia labda kosa ni hilo moja tu, na limekwisha.

"Mleteni yule mgonjwa sasa, asisimame sana juani," Daktari alisema.

Mama yake Nyanzala, Josefina, alimsukuma Asali taratibu mpaka ndani ya magogo. Ndama hakushindana naye. Alisimama ameinamisha kichwa, na inzi walitua machoni mwake.

Nyanzala alitazama karatasi. Asali: kumi na nane.

Hakuna ndama wa mililita kumi na nane. Basi ni ngapi? Alijaribu kukumbuka. Kati ya ndama wale wawili, mmoja alikuwa na kilo sitini na mwingine themanini, lakini ni nani alikuwa na ngapi? Angesema nne, huenda ingekuwa sawa, na huenda isingekuwa. Cha Tingatinga alikisema kwa kichwa kwa sababu alikumbuka uzito wake. Na hao wanaofuata nyuma je, wote atawabahatisha?

"Asali ngapi, mwanangu?" Daktari aliuliza. Bomba lilikuwa tayari ndani ya chupa ya dawa.

Nyanzala aliona aibu mpaka masikio yakawa ya moto. Kisha akasema kwa nguvu kuliko alivyokusudia:

"Simama!"

Ngusa, kwa mazoea tu, alilizuia kundi lote.

"Karatasi hii ina makosa," Nyanzala alisema, na machozi yakaanza kumtoka. "Imemwandikia Asali kumi na nane. Na kile cha Tingatinga sikukisoma hapa, nilikisema kwa kichwa. Hapa imeandikwa nne."

Jirani mmoja alicheka. Mzee Malale hakucheka. Daktari aliitoa sindano kwenye chupa bila kuvuta kitu.

"Mwalimu," alisema, "hebu fungua hiyo mashine yako."

Mwalimu Thadei aliweka kompyuta juu ya gunia la pumba. Alisoma programu polepole.

"Nyanzala, mgambo wako wa pili yuko wapi?"

"Nilimfuta, mwalimu. Jana. Aligoma nilipopanga majina, nikadhani ameharibika."

"Mrudishe."

Nyanzala aliandika upya ule mstari. Kompyuta ikagoma mara moja: "Ndama amemzidi mama yake!"

"Haya, wewe uligusa nini?" mwalimu aliuliza.

"Majina tu. Namba sikuzi..." Aliona. Majina yalihama, uzito ukabaki pale pale ulipokuwa. Asali alipanda juu akakuta kilo za Tingatinga zinamsubiri. Yule mgambo wa kwanza hangeweza kuliona kosa hilo, maana majina na namba bado vililingana idadi. Ni wa pili aliyeliona, na ndiye aliyefutwa.

Safari hii alipanga majina na uzito kwa pamoja, kila jina na kilo zake. Akaendesha. Kompyuta haikusema lolote, ikatoa vipimo. Kwa tahadhari akavilinganisha na daftari walilopimia, mstari kwa mstari, mama yake akimsomea. Tingatinga kumi na nane. Kibatari nne. Asali tatu.

"Tatu," Daktari alirudia. Alivuta dawa kidogo sana, akamchoma Asali shingoni. "Ningemchoma ile ya kwanza, mngemzika leo. Na nyie mkae mkijua, hata mimi ningeshtuka kuona kumi na nane kwa ndama. Lakini wale wakubwa waliobadilishiwa vipimo, hao nisingewajua."

Kazi iliendelea mpaka saa saba, ng'ombe wote wakapata haki yao. Majirani waliondoka na habari ya kutosha wiki nzima. Mzee Malale alivua koti, akamwita Nyanzala pembeni.

"Huyo mliyemwita mgambo, alikuwa anasema nini?"

"Kwamba ndama hawezi kuwa mzito kuliko mama yake."

"Hayo si maneno yangu?"

"Ni yako, baba." Nyanzala alishindwa kuinua macho. "Nisamehe."

Mzee aliweka koti begani.

"Uliponisikia nasema simama langoni, uliwahi kuniona nimesema bure?" aliuliza. "Sasa sikiliza. Mtu anayekuzuia ukiwa na haraka anaudhi, hilo najua. Lakini ukimwondoa, kosa haliondoki naye. Linabaki, ila sasa hakuna wa kukuambia. Na ukishakosea, usikosee mara ya pili kwa kuficha. Leo ulisema kumi na nane kama unayesoma, kumbe hukusoma, na hilo limeniuma kuliko lile la kompyuta. Lakini ulisimamisha watu wote ukiwa na aibu yako, na ndama yuko hai. Hapo umenifurahisha."

Nyanzala alifuta machozi kwa kiganja. Mwalimu Thadei, aliyekuwa akifunga begi lake karibu hapo, alisema kwamba Jumanne Nyanzala atawaeleza wenzake mwenyewe, na Jeniffer, aliyekuwa naye Ijumaa, akae mbele.

Wiki mbili baadaye Asali alianza tena kuruka ruka na kupiga ndoo teke. Jioni moja, kundi liliporudi, Mzee Malale hakuenda langoni. Alichukua ndoo ya maji.

"Leo simama wewe," alimwambia binti yake.

Nyanzala aliegemea nguzo. Haikuwa kazi nyepesi hata kidogo. Alimtazama kila mmoja akipita, mgongo kwa mgongo: Tingatinga mbele, kisha wote wanaomfuata, jike mmoja, Sukari, akimwita mwanawe, kisha Kibatari, na mwisho kabisa Asali. Macho yalimchoka na shingo ikamuuma.

"Vipi?" baba yake aliuliza, amebeba ndoo kwa mikono miwili.

Nyanzala alipitisha macho zizini mara moja zaidi.

"Kimya, baba."

"Basi funga lango."