Kigingi Namba 114

Kwanza ulisikika mlio: ko! Mmoja tu, mzito, kama mchi uliotua ndani ya kinu kitupu. Kisha vyuma vikaporomoka. Sajenti Shadia alikuwa bado hajafumbua macho. Alipofumbua, saa yake ilionyesha kumi na moja na dakika arobaini na saba alfajiri.

Alitoka mbio katika nyumba ya wageni ya misheni ya Matombo, mkanda mkononi. Mbele ya hema la wapimaji, Rogers, mpimaji mkuu wa njia ya bomba la gesi, alikuwa amelala kifudifudi kando ya darubini yake iliyoanguka. Damu ilimtoka kisogoni. Karibu naye palikuwa na kigingi chekundu cha mti, nacho kina damu. Alikuwa anapumua. Begi lake la ramani halikuwepo. Mezani, chini ya jiwe, palikuwa na karatasi yenye herufi kubwa:

BOMBA LISIPITE SHAMBANI KWANGU. NG'OENI KIGINGI NAMBA 114. NI MIMI BONIFASI, MWENYE SHAMBA.

Saa kumi na mbili na nusu Rogers alikuwa zahanati, hajitambui. Saa nne wangefika wajumbe wa wizara pamoja na wenzao kutoka Zambia, kuchagua bomba lipite wapi: huku mlimani, au kule chini tambarare. Shadia alikuwa ametumwa kutoka Morogoro mjini kuwalinda. Sasa alikuwa na saa tatu na nusu za kumpata mhalifu.

Alimkuta Bonifasi katikati ya midalasini, akibandua magome. Kando walisimama mkewe, Bernadeta, na wajomba wa ukoo wake, wamenuna; habari ya barua ilishawafikia.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Umekuja kunifunga?"

"Nimekuja kuuliza." Shadia akampa barua aisome, kisha akaichukua. "Alfajiri ulikuwa wapi?"

"Hapa hapa. Gome linabanduka vizuri likiwa na umande."

"Nani alikuona?"

"Midalasini." Mtu mmoja alicheka, akakatiza.

"Ulikuwa na ugomvi na Rogers?"

"Nilimwonea wivu, sikufichi. Siku kumi anakula ndizi kwa mke wangu, wanacheka mpaka nasikia huku. Ndizi zangu nazikuta zimepoa. Lakini sikumgusa."

"Alikuwa anauliza mipaka ya ukoo, wewe mwanamume!" Bernadeta alifoka. "Angemuuliza nani? Wewe?"

Bonifasi akarudia kubandua gome. Bernadeta akamgeukia Shadia, sauti imeshuka. "Mwanangu, kumpiga mgeni ni kesi yenu polisi. Lakini 'mwenye shamba'? Wajomba wameshasema. Kama ni yeye aliyeandika, leo hii anafungasha. Miaka ishirini na miwili ya ndoa, afungashe kabla jua halijatua."

Shadia alielewa. Bibi yake mzaa mama alikuwa wa Matombo. Huku ardhi ni ya lukolo, ukoo wa mama. Mume hulima kwa heshima ya mke, na hata azeeke pale, haiiti yake.

"Mzee, kigingi cha shambani kwenu ni namba ngapi?"

"Arobaini na moja. Nilikibeba mwenyewe begani."

Wakaenda kukitazama. Kilikuwa kimeandikwa 114. Shadia aliigusa namba, rangi nyeupe, bado mbichi, ikamganda kidoleni.

"Jana alasiri kilikuwa arobaini na moja," Bonifasi alisema, macho yamemtoka. "Haki ya Mungu."

Saa mbili kamili alimhoji Diwani Leonard, mwenyeji wa kata ya tambarare, aliyekuja jana na kulala kwa paroko. Kila mtu alijua anavyoumia bomba kupita kwa wenzake.

"Ni kweli, afande, roho inaniuma," Leonard alisema. "Kwangu hakuna mawe, hakuna makorongo, na bado wanakimbilia huku! Bomba likienda Zambia bila kupita kwangu, wapiga kura watanicheka. Lakini hebu nionyeshe hiyo barua." Aliisoma, akaguna. "Bonifasi kaandika hivi? Mluguru gani huyu? Mimi mwenyewe nyumba yangu iko kwenye ardhi ya mke wangu. Nikiandika hivi nalala nje."

Shadia akaikunja barua taratibu.

Ezekiel, msaidizi wa Rogers, kijana wa Makambako, alikuwa hemani akipiga pasi shati jeupe. Saa mbili na dakika arobaini.

"Pole, kaka. Vigingi vinapakwa rangi na nani?"

"Mimi. Rogers anashika darubini na sifa, mimi nashika brashi."

"Naona mmebadilisha namba."

"Maagizo yalikuja jana kwa simu, saa kumi na mbili jioni. Tunahesabu upya kutokea pwani. Nimepaka peke yangu mpaka giza likaingia."

"Rogers alikuwa wapi?"

"Kwa Bernadeta. Wapi tena?"

"Na wajumbe wakija, nani atawaonyesha njia?"

Ezekiel alilitazama shati. "Itabidi nijitahidi mimi."

Saa tatu na nusu Shadia aliwakusanya wote uwanjani: wajomba, diwani, Ezekiel, mume na mke.

"Barua hii ina mambo mawili," alisema. "Kwanza, mwandishi anaamini shamba ni la mume. Mtu wa huku hawezi kukosea hivyo hata akilewa. Mwandishi si wa huku. Pili, anataja namba 114. Jana alasiri namba hiyo haikuwepo. Ilipakwa jioni na mtu mmoja, peke yake."

Macho yote yakamwendea Ezekiel.

"Ni dhana tu hizo," Ezekiel alisema. "Ramani iko wapi?"

"Ipo, na haijachanika. Mtu huchana kazi ya adui yake. Hii aliyeichukua anaipenda, hawezi kuiweka mbali na vifaa vyake vya kazi." Shadia alikwenda kwenye sanduku refu la darubini mlangoni pa hema la wapimaji, akainua sponji ya chini. Begi lilikuwa pale. Ramani ndani yake ilikuwa imekunjwa vizuri kama kanga mpya.

Ezekiel alisogea, akainyoosha kona ya ramani kwa kidole.

"Miaka miwili," alisema. "Kila mto wa milima hii nimeuvuka kwa miguu yangu. Yeye alikuja na gari, akaandika jina lake pale kwenye kona. Moja tu! Leo angesimama mbele ya nchi mbili, apigiwe makofi yangu. Nilitaka asubuhi moja tu. Ningejifanya nimeiokota ramani, nikasimama mimi."

"Na Bonifasi alikukosea nini?"

"Hakunikosea. Kila mtu alijua ana wivu. Nilidhani wivu wake utafunika wangu."

"Kwenu shamba ni la nani?"

"La baba," Ezekiel alijibu, kama aliyeulizwa jina la jua. Shadia akamfunga pingu.

Kutoka zahanati ikaja habari: Rogers amefumbua macho, anaomba maji. Magari ya wajumbe yalianza kusikika yakinguruma kwenye kona za chini. Wajomba wakatawanyika bila kumtazama Bonifasi. Yeye alikaa chini, mikono imejaa harufu ya mdalasini.

"Hata mgeni alidhani ni langu," alisema polepole. "Kwa muda mfupi, Bernadeta, nilipoisoma ile barua, nilifurahi. Kila mche pale nimepanda mimi. Na fomu yao ya fidia ina mstari mmoja tu wa jina, mwenye shamba. Mimi sipo."

Bernadeta alimtazama. Kisha akamshika mkono, akamwinua, akapaza sauti mpaka wajomba wakageuka.

"Wasikie wote! Ardhi ni ya lukolo, na miti ni ya aliyepanda. Nakuahidi, Bonifasi: waje wa wizara, waje wa Zambia, kalamu yao siishiki mpaka waongeze mstari wa pili, na jina lako liandikwe mbele ya macho yangu."